Baba Mdogo na Askari Wake wa Marekani

Mpendwa Baba Mdogo,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zetu hupokei tangu kura zilipohesabiwa huko Bukavu. Mwandiko usiucheke. Shule ilinichoka mapema, lakini akili zote nilitoka nazo.

Ninachokumbuka zaidi ni treni ya kurudi nyumbani Fisksätra, huku Uswidi, wakati wa theluji. Wewe umetoka kusafisha ofisi Kista, mimi nimetoka kuzurura, dirisha lina ukungu, unanisimulia askari wako wa Marekani, yule wa karne ya kumi na tisa. Mtoto wa mkulima, akapigana vita vya kukomesha utumwa, risasi ikamlemaza mguu, akaenda kuomba kura akichechemea, akawa mbunge. Nilikuwa nafuta kioo, namwona kabisa juu ya farasi, anakimbia sambamba nasi juu ya maji yaliyoganda, kimya, kwato hazilii. Nawe ulikuwa askari, nawe unachechemea. Nikakuuliza, "Sasa wewe unangoja nini?"

Ukacheka. Mwaka uliofuata ukaenda Bukavu kugombea ubunge.

Kaka Amani alikuwepo kwenye mkutano wako, ametusimulia. Wagombea wenzako waligawa sukari na vitenge. Wewe mikono mitupu, unawagawia Mmarekani.

"Huyo mzungu wako anapiga kura hapa?" mama mmoja akauliza.

"Hapana, mama. Alishakufa."

"Basi hata sukari yake hatutaionja."

Nilicheka mpaka Mama Mdogo akanitazama. Kisha akaingia jikoni, akafungulia maji, akakaa huko muda mrefu. Anaamini aibu itakuzuia kurudi.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo walimu wangu hawataliamini: nimeenda maktaba, nikasoma maisha ya mtu wako mpaka mwisho. Mzee, hadithi ulinikatia. Uchaguzi wa mwisho alibwagwa vibaya. Akapanda treni, akarudi kwa mkewe, akafuga nyuki. Kitabu kinasema alinenepa.

Siku hizi kwenye treni simwoni tena farasini. Namwona kwenye kiti kilicho mbele yangu, buti zimelowa, anasinzia kama mtu anayejua atashukia wapi.

Mama Mdogo hatakuambia uje, unamjua. Nasema mimi. Njoo na mguu wako, ubunge waachie hukohuko. Yeye analala kwenye kochi tangu uondoke. Anasema kitanda ni kikubwa.

Mimi mwanao, mtoto wa kaka yako, yule mjuaji.