Dawa ya Fizi Niliyoimeza

Mama Furaha,

Nakusalimia na mudomo muchungu. Vumbi nyeusi ya Goma imefika mpaka kwenye ulimi, na pikipiki ya mutaa wa Birere imenitingisha mifupa yote. Nimechoka, mama.

Dokta wa meno alinisafisha fizi, damu ikatoka sana. Kisha akanipa kikombe cha dawa iliyokamuliwa katika majani ya chai na ya mapera. Ati iko na antioksidanti, kitu cha kutuliza uvimbe. Kabla hajamaliza kueleza, nilishainywa yote. Kwetu nani anatema dawa ya majani?

Akashika kichwa: "Muzee, umemeza? Fizi ziko mudomoni, haziko tumboni!"

Kumbe ilikuwa ya kusukutua. Wagonjwa wakacheka, na mimi nikacheka, mukono kwenye mudomo.

Nikamuuliza kama meno haya yanayotikisika yatakaza tena. Akajibu pole pole: "Dawa hii bado tunaijaribu, muzee. Siwezi kukudanganya."

Wasalimie watoto. Na nilishaona, tangu Pasaka unanikatia nyama ndogo-ndogo bila wao kujua. Aksanti. Siku nikirudi, niwekee yenye mufupa. Nikishindwa, angalia kando kidogo, kisha unikatie.

Papa Furaha