Bwana Nguzo Anataka Kuja Nyumbani

Kariobangi,
Nairobi.

Kwa Mama mpendwa,

Mirembe, Mama. Natumaini goti limepoa na mwewe hajamaliza vifaranga. Mimi ni mzima na cherehani yangu ni nzima, kwa hiyo sina la kulalamika. Ningekupigia simu, lakini najua ungeikata kabla sijafika katikati.

Uliniuliza jina la huyo anayetaka kuja kujitambulisha nyumbani Desemba, nami nikakuzungusha. Leo nitakuambia. Ila nisikilize hadi mwisho, kwa sababu bila ruhusa yako hatakanyaga boma letu, na mimi simtaki mwingine.

Kwanza nikupe habari za Andati. Humjui kwa jina hilo. Unamjua kama Bwana Nguzo, yule wa mchezo wa televisheni wa kila jioni, aliyemnyang'anya mama mkwe wake shamba. Mdogo wangu Luseno ameniambia ulimrushia kandambili, ukagonga kalenda ya kanisa.

Basi Andati hakuanza na uigizaji. Huku tulimjua kwa kuimba: Jumapili kwaya, siku za kazi anachomelea madirisha ya watu, na mdomo haufungi. Watu wa filamu walimwita aimbe tu kwenye harusi ya mchezo huo. Aliyekuwa awe Nguzo hakutokea, wakamtupia Andati suti wakamwambia ajaribu. Suti ikambana, akaletwa kwangu niipanue. Nilipokuwa nampima alikuwa akiimba, nikamfokea anyamaze, tepu inatikisika. Akanyamaza, akaniomba msamaha kwa adabu, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kushindwa.

Mama, kipaji kimoja ni baraka, viwili ni kazi ya punda. Mchana kutwa anafoka mbele ya kamera, jioni anakunywa maji moto na tangawizi ili sauti irudi, aende kurekodi. Nabiswa, mwenye studio, alimwonya kwamba uso wa Nguzo hautauza wimbo wowote, watu wanamchukia mno. Ndiyo maana redioni anaitwa Mwana wa Roselida, kwa jina la mama yake. Naam, huyo huyo wa wimbo wa kuwashukuru akina mama, uliowafundisha wenzako kanisani. Uliniambia aliyemzaa kijana yule hakupata uchungu wa bure.

Juzi sokoni, Wacera muuza mboga alikataa kumuuzia sukuma. "Wewe, kwanza rudishia huyo mathe shamba yake!" alimwambia mbele ya watu. Mwingine angerudisha matusi. Andati alivua kofia, akamwomba radhi kwa niaba ya Nguzo, kisha akaimba kibwagizo taratibu. Wacera akaacha kukatakata mboga, akamwuliza na hiyo sauti ameiba kwa nani. Soko zima lilicheka, yeye akicheka kuliko wote, na sukuma akapewa, na nyanya juu. Nilimwonea fahari, Mama, hata nikasahau nilichokuwa nimefuata sokoni.

Sasa najua umeshanielewa. Anayetaka kuja Desemba ni yeye. Na nikiungama niungame yote: ile suti uliyosema imeshonwa na shetani, vifungo vyake vya dhahabu niliviweka mimi.

Anaogopa. Huyo anayefukuza wakwe bila kupepesa jicho ananiuliza kila siku akija avae nini, asimame wapi, asije akakuudhi. Aliwasihi watu wa filamu Nguzo arudishe shamba kabla ya Desemba, wakakataa. Tena nikuonye mapema: wiki ijayo atauza na ng'ombe. Tafadhali, siku hiyo lala mapema.

Sikulazimishi umpende, Mama. Nakuomba jambo moja tu. Akibisha hodi, fumba macho kwanza, umsikie anavyokuita Mama.

Nisalimie Luseno na shangazi Millicent, na akina mama wote wa kanisani, ila hili usiwaambie kwanza. Mungu akutunze.

Ni mimi binti yako,
Mideva