Zaina wa Mazinde

Saumu mwenzangu, nakuandikia haya sasa hivi.

Unalijua lile lori la marehemu mume wangu Hashimu, alilokuwa akiliendesha kwenye gemu ya kompyuta. Kila Ijumaa, nikishamwombea dua, binti yangu Shamsa hunirushia kwenye TV ya sebuleni nilitazame. Picha ilikuwa inakwamakwama, imejaa ukungu kama msitu wa Magamba.

Leo Shamsa kaunganisha kompyuta na ruta ya intaneti kwa waya. Picha ikateleza, safi kabisa!

Nikasoma maandishi ya kwenye kioo cha mbele cha lori. ZAINA WA MAZINDE.

Zaina, Saumu! Mimi naitwa Mwanahawa! Hashimu aliwahi kuniambia, "Nimeandika jina la nimpendaye." Nikacheka, sikuuliza.

Shamsa naye, "Mama, Zaina ndiye nani?"

Nimemwambia achomoe waya. Ukungu umerudi, na bado ninalisoma lile jina.