Nyuki Niliowafungulia Mlimani

Jumanne, 6 Julai 2004
Sanduku la tatu la nyuki limekwisha kazi. Kunihiro kaniachia mfuko wa nailoni kabla ya kurudi kwenye banda letu la wavu la nyanya: funga, weka juani, wafe. Ndivyo wauzaji wanavyoagiza. Nikaitika, "Sawa, mume wangu" — kisha nikapanda nao mlimani, kama kila mwaka! Nyuki wanene wa watu, wametuchavushia nyanya wiki sita, halafu tuwachemshe? Nikafungua. "Poleni na kazi," nikawaambia. Wakaruka. Nimeshuka nina furaha.

Alhamisi, 8 Julai
Kaja Bi Kuwabara wa chuo cha kilimo na hadubini yake. Kampasua nyuki wetu mmoja juu ya meza yangu ya chakula! Kanionyesha: utitiri, umejazana kwenye mifuko ya pumzi. Umetoka nao ng'ambo wanakozalishwa. Anahofia usiwafikie nyuki wa mlimani. Akauliza, wakimaliza kazi tunawafanyaje? Kunihiro akacheka: "Muulize huyu mke wangu. Anawachemsha juani, hana huruma hata chembe!" Nikamimina chai. Nusu ikaenda mezani.

Jumapili, 11 Julai
Situlii. Nimefua nguo safi. Nimepanda mlimani mara mbili. Nimemkuta nyuki mmoja wa kienyeji anatambaa majanini, mabawa yanatetemeka, haruki. Huenda ni uzee tu. Huenda!
Baba mkwe, miaka themanini na mmoja, amepiga magoti kwenye maboga yake, anapaka chavua ua kwa ua kwa brashi yake ya kuandikia kwa wino. Anasema nyuki wa mlimani wamemsusa mwaka huu. Anatania. Mimi nataka kulia.

Jumanne, 13 Julai
Sanduku la nne. Hili nimelifunga. Liko juani, linavuma.
Bi Kuwabara karudi: nyuki aliowakamata mlimani wana utitiri ule ule. Umefikaje kule? Kunihiro anaapa wavu wetu hauna hata tundu. Nikajitia nakaza fundo la mfuko — mwoga mimi! Mara baba mkwe akatokea na brashi yake, akauona mfuko.
"Sumie, mwanangu, leo umewafunga? Si huwa unawafungulia kule juu? Mimi nawasubiri kwenye maboga!"
Hakuna aliyecheka. Nikasema naenda kuchemsha maji ya chai.
Yamechemka zamani. Naandika nimesimama. Kunihiro ameniita mara mbili — ya pili kwa upole, na hiyo ndiyo inayoniogopesha.