Leo Nimemwambia Mungu Kwamba Nimechoka

Jumatano, mchana. Mwezi wa nane unaelekea kuisha na baridi bado haijatuacha hapa Chiungutwa. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunga hadi mlangoni, sikuona hata jiko la jirani. Nimeamka nimechoka, na si uchovu wa kazi, maana wiki nzima sijashika jembe.

Jana nimerudi kutoka Newala, kwa mdogo wangu Agnesi. Nguo za safari bado zimo begini, sijazifua. Naandika haya kwenye simu, nimekaa juani nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu akipita njiani hanioni. Sitaki kuonekana. Anayeniona atataka nimwombee.

Hilo sikutaka kuliandika. Sasa nimeliandika.

Mimi ni kiongozi wa maombi wa kina mama kanisani kwetu Anglikana, mwaka wa kumi na moja huu. Babu yangu alibatizwa na wamisionari. Baba yangu alikuwa katekista hadi anafariki. Nami nilijifunza kuomba kama nilivyojifunza kutwanga, kwa kusimama karibu na wanaojua. Mtu akiwa na homa, wananiita. Mtihani ukikaribia, wananiita. Mikorosho ya mtu ikinyauka, naitwa niende nikasimame shambani kwake. Nafumba macho, naanza na "Mwenyezi Mungu, Baba wa rehema," na maneno yanakuja yenyewe. Watu husema Mama Tumaini ana kinywa cha maombi.

Kinywa ninacho. Lakini nikiwa peke yangu siombi.

Ni tangu Baba Tumaini alipofariki, miaka minne sasa. Aliugua wiki tano. Wiki zote tano nililala chini kando ya kitanda chake, nikaomba mpaka sauti ikakauka. Akafa asubuhi, nikiwa nimetoka kumchemshia uji. Siku ya kumzika nilisimama mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwa yote, na watu wakasema kweli yule mama ana imani.

Sikuwa na imani. Nilikuwa na mazoea.

Tangu hapo sijapiga magoti chumbani kwangu hata siku moja. Jumapili naongoza wenzangu, nikifika nyumbani navua kitambaa cha kichwani, nafungulia kuku, basi. Mimi na Mungu tumekuwa kama watu wawili waliokosana wakaendelea kusalimiana kwa sababu ya majirani.

Sasa Agnesi. Mdogo wangu alikaa miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto. Alipopata ujauzito nilikuwa napanda kwenda Newala kila mwezi kumwekea mkono tumboni na kuomba mbele ya wakwe zake. Nilisema mbele yao kwamba Bwana ametenda. Niliyasema kwa sauti kubwa, wakaitikia amina.

Siku kama kumi zilizopita uchungu ulimkuta akiwa kwetu Masasi, akalazwa hospitali ya Mkomaindo. Wauguzi walihangaika naye usiku na mchana. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Wa kike, nywele tele kama za marehemu mama yetu.

Nilipofika wodini alikuwa amelala chali, macho yameelekea darini. Wanawake wa vitanda vya jirani walinitazama, wakijua nimekuja kufanya nini. Nikamshika mkono, nikafumba macho. "Mwenyezi Mungu, Baba wa rehema, tunakushukuru hata kwa hili..."

"Dada, nyamaza."

Nilidhani ni maumivu. Nikaendelea.

"Dada Rozi, nyamaza. Unamshukuru kwa lipi? Maziwa yananitoka na hakuna wa kunyonya. Wewe unaongea kama mtu anayesoma taarifa ya kikao."

Akageukia ukutani.

Hakuna aliyewahi kuninyamazisha nikiomba. Na niseme ukweli hapa, kwa kuwa mahali pengine siwezi kuusema: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huzuni. Ilikuwa aibu mbele ya wale wanawake vitandani. Mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, alikuwa hajazikwa bado, nami nawaza watu wananionaje.

Tulimzika Newala, kwa mume wake. Nilikaa kule wiki nzima. Nilipika, nikafua, nikapanga foleni ya maji na wakwe zake, nikamkanda Agnesi kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Sikuomba, wala yeye hakuniambia niombe. Tuliongea habari za chumvi na kuni. Jana wakati naondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika bega, akarudi.

Leo asubuhi nikaenda kwa Padri kuacha kazi ya maombi. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye mkeka na mkewe, wanachambua mbaazi.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba, Mama Tumaini. Pole sana na msiba."

Mkewe akaingia ndani kunitafutia kiti, nikatumia nafasi hiyo kumwambia yote. Nilimweleza habari ya miaka minne, na neno la Agnesi nikalirudia kama lilivyo. Nilitegemea anifungulie Biblia. Hakuifungua. Aliendelea kutoa mawe kwenye mbaazi, mwisho akasema, "Pumzika. Mama Yohana atashika nafasi yako mpaka utakapokuwa tayari." Iliniuma kidogo, alivyokubali haraka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, mkewe asisikie, "Hata mimi kuna Jumapili nyingine nasoma kitabu cha sala tu."

Nikamsaidia kuchambua mpaka ungo ukaisha, nikaaga.

Wakati wa kurudi nikapitia shambani. Mikorosho imetoa maua, na majani bado yana manjano ya dawa ya salfa aliyopulizia mwanangu Tumaini wiki iliyopita, nikiwa Newala. Nikasimama katikati ya mistari. Nikaanza, "Mwenyezi Mungu, Baba wa rehema," na safari hii nikajisikia mwenyewe. Agnesi alisema kweli. Ilikuwa taarifa ya kikao.

Nikanyamaza. Kilichotoka baada ya hapo kilitoka kwa Kimakonde.

Maisha yangu yote sijawahi kuongea na Mungu kwa Kimakonde. Kanisani ni Kiswahili, tena kile cha kitabu cha sala. Kimakonde ni cha kufukuza mbuzi, cha kugombeza watoto, cha kumwambia marehemu mume wangu yale ambayo watu wengine hawakupaswa kuyasikia. Leo nimekitumia kwa Mungu. Nikamwambia, nilikuomba wiki tano na hukunijibu. Nikamwambia, siku ile makaburini nilidanganya, na ulijua nadanganya, ukaniacha nikaendelea. Nikamuuliza, Agnesi amekukosea nini, miaka tisa yote ile. Nikamwambia, nimechoka kukusifia mbele za watu wakati mimi na wewe hatuongei.

Nililia hadi kamasi. Mzee mmoja akapita na baiskeli yake, akanisalimu, nikamwitikia, naye hakuuliza kitu. Mungu ambariki kwa kutouliza.

Sikusikia sauti yoyote. Ile amani ambayo watu huishuhudia kanisani haikuja. Palikuwa na nyuki kwenye maua, na jua lilianza kuchoma. Lakini nilikaa pale muda mrefu bila kutaka kuondoka, na ndipo nikatambua kwamba muda wote ule nilikuwa naongea na mtu. Mtu hagombani na nyumba tupu.

Nimefika nyumbani, nimekaa hapa juani, na nikiwa katikati ya kuandika haya simu ikalia. Agnesi. Tangu wodini hajawahi kunianzia mazungumzo yeye mwenyewe.

"Dada, umefika salama?"

"Nimefika. Umekula?"

"Nimekula muhogo." "Dada, yale ya hospitali..."

"Ulisema kweli," nikamwambia. "Leo nimegombana naye shambani. Kwa Kimakonde."

Nikamsikia akicheka, kicheko kidogo chenye machozi ndani yake, cha kwanza tangu tuzike.

"Mimi nagombana naye kila siku," akasema. "Amekujibu?"

"Bado."

"Akikujibu, uniambie."

Nikamwahidi.

Bado nimechoka, nguo bado hazijafuliwa. Sijui kama hii ndiyo imani, au ni mwanzo wake, au ni hasira tu ya mjane. Ninachokijua ni kwamba kesho asubuhi, kabla sijakoka moto, nitarudi kulekule shambani. Bado kuna mengi sijamwambia.