Ngoma Iliyotangulia Majembe

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Hapa Kisesa tu wazima, ila bibi yako analalamika kwamba kwenye picha umekonda. Mwandiko wangu uuvumilie.

Umeuliza kama kwenye huo muziki wako usio na maneno, unaoutengeneza kwa kompyuta, uyanyooshe mapigo ya ngoma yangu ya kwenye kaseti, maana yanakimbia. Yangu mimi, mpigaji wa kwanza Magu nzima! Siku mwalimu alipoturekodi tukilima mpunga kwa ngoma, wenzangu waliposikiliza walicheka: "Masanja, unawahi wapi?" Nikasema betri mpya ndizo zinazokimbiza kaseti. Tukaweka za zamani. Sauti ikawa nzito kama ya fahali, na bado nilikuwa mbele ya majembe. Wakataka kuninyang'anya ngoma.

Nikakataa, nikataka tusikilize tena. Hapo tukasikia wote: kila nikikimbia, majembe yanahangaika kidogo, halafu yananifikia. Hakuna aliyeniacha peke yangu. Nikabaki na ngoma yangu.

Sasa hiyo kompyuta yako inaweza kuninyoosha mimi bila kuwafuta wao wakinifuata? Nijibu, nataka sana kujua. Kama haiwezi, niache nikimbie.

Babu yako,
Masanja