Kizungushio Kidogo

3 Machi

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi na mkweo wazima, wazima kupita kiasi! Baba, ndoa tamu. Juzi karudi kutoka kiwandani na kitana, kisa nilisema changu kimeng'oka jino. Nikalia, naye akadhani nimechukia rangi! Ndugu zake bado wanakucheka ulivyoniimbisha mara tatu arusini, umesogeza kiti mpaka magotini pangu. Mgongo je? Na kile chombo cha umeme cha kutoa sauti, cha yule mwanamuziki, umemaliza kukitengeneza?

Chiriku wako

19 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mgongo unalalamika kama shangazi yako. Chombo kimekwama. Kizungushio chake kikubwa hakina neno, kinairusha sauti mbali, juu au chini. Kile kidogo, cha kuisogeza unywele kwa unywele, ndicho kinanishinda. Unakumbuka ulivyokuwa ukishika sauti moja, nami nazungusha mpaka sauti yako na ya chombo ziache kuwayawaya, ziwe kitu kimoja? Njoo uniimbie. Mwezi huu, ukiweza.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole na kazi. Mwezi huu hapana, jamani! Tunapaka chumba rangi. Mume wangu ana madoa mpaka kwenye kope, nami siachi kumtazama. Nitakuja Juni. Kwani lazima mimi? Wewe uliyekuwa ukisikia redio ya jirani ikianza kuharibika kabla ya mwenyewe!

Chiriku

11 Mei

Mwanangu,

Hatujambo huku. Usijisumbue na safari. Kile kizungushio kidogo nimekitoa, nimeweka swichi ya hatua. Kila hatua inagonga kidoleni, ta, ta, ta, na kidole kinajua kimefika wapi. Mwenye chombo ananung'unika kwamba sauti zilizo kati ya hatua na hatua hazipatikani tena. Atazoea. Msalimie mkwe.

Baba yako

16 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kwa nini kidole, Baba? Tangu lini unarekebisha sauti kwa kidole? Nakuja Jumamosi hii. Rangi itasubiri.

Binti yako

24 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, mkweo alinipokea stendi. Nakuandikia kwa sababu pale kwako nilishindwa hata kushika kalamu, na sasa kila ninalotaka kukwambia ni lazima liwe kwenye karatasi.

Uliniambia kwamba daktari alikwambia tangu Januari, ukanyamaza ili arusi yangu isiingie huzuni. Kumbe ndiyo maana ya zile mara tatu. Nami nikakuomba usubiri rangi ikauke.

Kile kizungushio nilikikuta kwenye kopo la skrubu. Umekitia alama nyekundu pale sauti yangu ilipokuwa ikikaa, nimekichukua. Usikitafute.

Jambo moja sikukujibu. Kivuli changu kilipoangukia meza ukashtuka, ukaniuliza, "Mbona hukupiga hodi?"

Nilipiga, Baba. Halafu nikasimama mlangoni nikakuimbia wimbo mzima, mpaka jirani akatoka nje kusikiliza.

Chiriku wako